Kuchaguliwa Tangu Asili na Hiari ya Mwanadamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo hurudi kila mara fundisho la uteule, yaani kwamba Mungu huwachagua atakaowaokoa, linapoguswa, iwe ni katika darasa la Biblia, katika mahubiri ya Waraka kwa Warumi, au kati ya marafiki wawili wa madhehebu tofauti waliokesha wakibishana. Majibu yake hayana nia ya kumtoa mtu katika dhehebu lake. Nia yake ni kuonyesha ni wapi hasa Wakristo wanapoachana, kwa kuwa mara nyingi watu hugombana juu ya jambo ambalo wote wanalikubali, na penye tofauti yenyewe wanapita bila kupaona.

Mjadala huu unahusu nini hasa?

Wengi hudhani kwamba kundi moja linaamini Mungu huchagua, na kundi jingine linaamini mwanadamu huchagua. Sivyo. Wanaomfuata John Calvin, mwanamageuzi wa karne ya 16, huwasihi watu watubu na kumwamini Kristo, na humhesabu kila asiyeamini kuwa mwenye hatia kwa kutoamini kwake. Wanaomfuata Arminius, mwanatheolojia wa Uholanzi aliyepinga fundisho la Wakalvini juu ya uteule, nao husoma kwa furaha sura ya kwanza ya Waefeso, inayosema kwamba Mungu alituchagua katika Kristo kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu. Hakuna kanisa la kihistoria linalokanusha uteule, na hakuna linalofundisha kwamba mtu huokolewa kama gogo lisilo na nia.

Swali linalowatenga ni jembamba zaidi. Watu wawili wameketi benchi moja, wamesikia mahubiri yaleyale. Mmoja ameamini, na mwenzake ameondoka kama alivyokuja. Tofauti kati yao imetoka wapi? Ukijibu kwamba imetoka kwa Mungu, utaulizwa kwa nini yule wa pili hakupewa alichopewa wa kwanza. Ukijibu kwamba imetoka kwao wenyewe, utaulizwa kama aliyeamini hana basi sababu ya kujiona bora kuliko jirani yake. Kila fundisho lililowahi kutolewa juu ya jambo hili limelazimika kubeba mojawapo ya mizigo hiyo miwili. Anayekuambia kwamba fundisho lake halina mzigo wowote huenda hajalifuata hadi mwisho.

Biblia inaunga mkono upande upi?

Biblia inasema yote mawili, tena kwa nguvu, na wakati mwingine katika sentensi moja. Katika Yohana 6:44 Yesu anasema hakuna mtu awezaye kuja kwake asipovutwa na Baba. Katika Mathayo 23:37 Yesu huyohuyo analilia Yerusalemu kwa kuwa mara nyingi alitaka kuwakusanya watoto wake, nao hawakutaka. Matendo 13:48 inasimulia kwamba waliokuwa wamekusudiwa uzima wa milele waliamini, ilhali katika Matendo 7:51 Stefano anawashtaki wasikilizaji wake kwamba siku zote wanampinga Roho Mtakatifu. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba Mungu hutaka watu wote waokolewe. Anawaandikia Warumi kwamba Mungu humrehemu amtakaye.

Mahali pa kutazamwa kwa karibu zaidi ni Wafilipi 2:12-13. Wasomaji wanaamriwa kuutimiza wokovu wao kwa kuogopa na kutetemeka, na sababu inayotolewa ni kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao, kutaka kwao na kutenda kwao. Mtume hasemi kwamba Mungu amefanya nusu na iliyobaki ni juu yao, wala hasemi wakae kwa kuwa Mungu anafanya yote. Kazi ya Mungu ndani ya nia yao ndiyo inayowafanya wao wajibidiishe. Hesabu ya kugawana asilimia kati ya Mungu na mtu, ambayo mijadala mingi huanza nayo, haimo kabisa katika mawazo ya Paulo.

Je, Warumi 9 haikumaliza ubishi?

Sura hiyo hutumiwa kama nyundo na upande mmoja, na hukwepwa na upande mwingine. Matumizi yote mawili hayaitendei haki. Wanaoikwepa husema inazungumzia mataifa na si watu binafsi, kwamba Yakobo na Esau ni Israeli na Edomu na hakuna zaidi. Ni kweli kwamba nukuu ya Malaki iliyomo humo inahusu mataifa mawili, lakini swali lililompa Paulo uchungu ni la watu halisi, ndugu zake kwa jinsi ya mwili, ambao baadhi yao wamemwamini Masihi na wengi wao hawakumwamini. Tena pingamizi analolijibu, kwamba ikiwa mambo ni hivyo kwa nini Mungu aendelee kulaumu, lisingemjia msikilizaji yeyote kama Paulo angekuwa amefundisha tu kwamba Mungu aliona mbele ni nani atakayefanya vema.

Wanaoitumia kama nyundo nao huikata mahali pabaya. Hoja ya Paulo haiishi mwisho wa sura ya 9. Inafika hadi mwisho wa sura ya 11. Anaianza akisema ana huzuni nyingi na maumivu yasiyokoma moyoni. Katikati anawaombea haohao ili waokolewe, anasisitiza kwamba kila atakayeliitia jina la Bwana ataokoka, na anamnukuu Mungu akisema kwamba amewanyoshea mikono mchana kutwa watu wasiotii. Watu wa mataifa waliopandikizwa anawaonya wasijivune, wasije wakakatwa. Kisha anasema kwamba Mungu amewafunga wote katika kuasi ili awarehemu wote, na hapo anaacha kuhoji na kuanza kusifu. Msomaji aliyetoka katika sura hizo tatu akiwa na orodha ya waliotupwa, lakini hana huzuni wala ombi kwa ajili yao, amechukua maneno ya Paulo na kumwacha Paulo.

Na Farao? Je, si Mungu aliyeufanya moyo wake kuwa mgumu?

Kitabu cha Kutoka kinasema hivyo, na pia kinasema kwamba Farao aliufanya moyo wake mwenyewe kuwa mzito. Mungu anatangaza nia yake mapema, katika sura ya 4 na ya 7. Katika mapigo ya mwanzo tunaambiwa ama kwamba moyo wa Farao ulikuwa mgumu, ama kwamba yeye mwenyewe aliufanya mzito, kama baada ya pigo la vyura. Ni kwenye pigo la sita, la majipu, ndipo msimulizi anaposema moja kwa moja kwamba Bwana aliufanya mgumu.

Linganisha 9:34 na 10:1. Mvua ya mawe imekoma, na Farao, ambaye punde tu alikiri kwamba amekosa, anazidi kutenda dhambi na kuufanya moyo wake mzito, yeye na watumishi wake. Mstari wa pili baada ya huo, Bwana anamwambia Musa kwamba ni yeye aliyeufanya moyo wa Farao kuwa mzito, na mioyo ya watumishi wake. Tukio ni lilelile na watu ni walewale, na mwandishi haoni haja ya kueleza jinsi kauli hizo mbili zinavyokaa pamoja. Kinachoonekana wazi ni kwamba Mungu hakumkuta Farao mnyofu akamharibu. Alimkuta mtu ambaye tayari alikuwa amewatumikisha watu wa Mungu kwa ukali.

Ubishi huu ulianza lini?

Ulishika moto mwanzoni mwa karne ya 5. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini, alikuwa ameandika katika maungamo yake ombi la kumtaka Mungu atoe anachoamuru, kisha aamuru apendalo. Pelagio, mtawa kutoka Uingereza aliyefundisha Roma, aliposikia ombi hilo likisomwa, hakulivumilia. Kwake lilikuwa kisingizio cha uvivu: ikiwa Mungu ameamuru jambo, basi binadamu analiweza. Pelagio hakuwa mtu mlegevu. Alikuwa akipambana na Wakristo wa jina tu. Lakini dawa yake ilimwacha mwenye dhambi na sheria na mfano mwema, bila daktari. Mafundisho yake yalilaaniwa na sinodi ya Karthago mwaka 418, na Mtaguso wa Efeso mwaka 431 ukawahukumu wafuasi wake.

Katika Galia (Ufaransa ya leo) walibaki watawa waliokubali kwamba neema ni ya lazima, lakini wakaona kwamba hatua ya kwanza kabisa ya kumgeukia Mungu mara nyingine hutoka kwa mtu mwenyewe. Jambo hilo liliamuliwa mwaka 529 huko Orange, kusini mwa Galia, chini ya Kaisari, askofu wa Arles. Sinodi hiyo ilisema mambo mawili ambayo hayana budi kukumbukwa pamoja. La kwanza, hata mwanzo wa imani, hata ile hamu ya kuamini, ni kipawa cha neema. La pili, yeyote anayefundisha kwamba Mungu amewaandalia watu uovu kwa uweza wake, na alaaniwe. Kwa maoni yangu, mijadala mingi ya leo ingepoa nusu kama kila mshiriki angeulizwa kwanza anaonaje maamuzi ya Orange.

Je, fundisho hili si la Calvin?

Calvin, aliyezaliwa 1509 na kufariki 1564, alilipanga vizuri, lakini alilipokea kwa Augustino, na Thoma wa Akwino alikuwa amelifundisha kwa njia yake katika karne ya 13. Hata kati ya wanamageuzi Luther alimtangulia. Mwaka 1524 msomi Mkatoliki Erasmus aliandika kutetea hiari, na mwaka 1525 Luther akamjibu kwamba nia ya mwanadamu imefungwa, akamshukuru kwa kuacha kumsumbua na habari za upapa na toharani na kwenda moja kwa moja kwenye koo la jambo.

Zile hoja tano zinazoitwa za Calvin, yaani upotovu wa mwanadamu mzima, uteule usio na masharti, ukombozi uliokusudiwa wateule, neema isiyopingika na kudumu kwa watakatifu, hakuziorodhesha yeye. Zinatokana na majibu ya Sinodi ya Dort, Uholanzi, iliyokutana mwaka 1618 na 1619. Dort ilikuwa ikijibu vifungu vitano vilivyotolewa mwaka 1610 na wafuasi wa Jacobus Arminius, ambaye naye alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mabwana wawili ambao majina yao yamebebeshwa ugomvi huu hawakuiona karatasi yoyote kati ya hizo mbili. Hata vifungu vya 1610 vilikiri kwamba mtu hawezi kufikiri wala kutenda jema la kweli bila neema, na kuhusu swali la kama muumini anaweza kuanguka kabisa vilisema linahitaji kuchunguzwa zaidi katika Maandiko. Anayemwita kila Mwarminio kuwa ni Pelagio mpya hajavisoma.

Siasa nayo ilikuwamo. Wahubiri wapatao 200 walivuliwa utumishi, na kiongozi wa serikali aliyewalinda, Johan van Oldenbarnevelt, alikatwa kichwa Mei 1619. Mwanasheria Hugo Grotius alifungwa maisha, akatoroka ngome mwaka 1621 akiwa amefichwa ndani ya sanduku la vitabu, jambo ambalo mwanatheolojia yeyote atakubali kuwa ni matumizi mema ya vitabu.

Ikiwa Mungu anajua tangu milele nitakachofanya, nina hiari gani?

Kujua si kusababisha. Mwanafalsafa Mkristo Boethius, akiwa kifungoni karibu na mwaka 524, alieleza kwamba Mungu haangalii mbele kama sisi tunavyokisia kesho. Nyakati zote ziko mbele yake kwa pamoja, naye huyaona matendo yetu kama anayeona yanapotendeka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafuata njia hiyo inaposema kwamba kwa Mungu nyakati zote ziko katika sasa yake.

Luis de Molina, mtawa Mkatoliki wa shirika la Wajesuiti, katika kitabu alichokitoa mwaka 1588, aliongeza kwamba Mungu hajui tu yatakayotokea, bali pia ambayo kila kiumbe huru angefanya katika kila hali. Mfano wake wa Kimaandiko ni 1 Samweli 23: Daudi anauliza kama watu wa Keila wangemtia mikononi mwa Sauli, Bwana anajibu kwamba wangemtia, Daudi anaondoka, na jambo lenyewe halitokei kamwe. Watawa wa shirika la Wadominiko, wakiongozwa na Domingo Báñez, waliona kwamba Molina anamfanya Mungu kuwa mtazamaji anayepanga mambo kulingana na nia za viumbe. Ubishi ulifika Roma, ukasikilizwa kwa miaka, na mwaka 1607 Papa Paulo V akaufunga bila kutoa hukumu, akizuia kila upande kuuita wa pili wazushi. Haujahukumiwa hadi leo.

Je, si rahisi kusema kwamba Mungu alinichagua kwa kuwa aliona mbele kwamba nitaamini?

Ni rahisi, na Wakristo wengi wema wamesema hivyo, wakitegemea Warumi 8:29 na 1 Petro 1:2, ambazo zinaanza na kujua kwa Mungu kabla ya kuchagua. Lakini jibu hilo halifanyi kazi yote inayotarajiwa. Turudi kwenye lile benchi. Ukisema Mungu aliona mbele kwamba mmoja ataamini, bado hujaeleza kwa nini aliamini. Umelisogeza swali nyuma hadi kabla ya uumbaji, nalo limefika huko likiwa zima. Arminius mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana alisisitiza kwamba imani aliyoiona Mungu isingekuwapo bila neema inayomtangulia mtu. Nguvu ya jibu hili haiko katika kuona mbele. Iko katika kile linachosema juu ya neema hiyo na juu ya uwezo wa kuikataa.

Mtumwa wa dhambi anawezaje kuwa na hiari?

Hapa watu huzungumza bila kuelewana kwa sababu kila mmoja ana uhuru wake kichwani. Kwa wengine, mtu ni huru pale tu ambapo angeweza kutenda kinyume cha alivyotenda, mambo yote mengine yakiwa vilevile. Kwa wengine, mtu ni huru anapotenda anachokitaka bila kulazimishwa, hata kama hawezi kutaka kingine kwa jinsi moyo wake ulivyo.

Jonathan Edwards, mchungaji Mkalvini wa Marekani, aliutetea uhuru wa aina ya pili mwaka 1754, akitenganisha kutoweza kwa mwili na kutoweza kwa moyo. Mfungwa aliyefungwa minyororo hawezi kutoka hata akitaka, na hakuna anayemlaumu. Mtu anayemchukia ndugu yake kiasi kwamba hawezi kumtamkia neno jema naye hawezi, lakini kutoweza kwake ndiko kosa lenyewe, na jinsi chuki inavyokuwa nzito ndivyo lawama inavyoongezeka. Kwa Edwards, mwenye dhambi yuko katika hali hiyo ya pili mbele za Mungu. Wapinzani wake hujibu kwamba chuki hiyo naye aliirithi, na kwamba amri ya kutubu iliyotolewa kwa mtu asiyepewa uwezo wowote wa kutubu inafanana mno na mzaha. Pingamizi hilo ni zito. Sijaona likijibiwa kikamilifu, ila kwa kukiri kwamba Augustino alikuwa na haki ya kuomba ombi lile lililomuudhi Pelagio.

Neema inaweza kupingwa?

Kila upande unakubali kwamba watu humpinga Roho kila siku. Dort ilifundisha kwamba Mungu anapoamua kumhuisha mteule, hamburuti. Anaufanya upya moyo wake, naye anakuja kwa kupenda. Sinodi ilisema wazi kwamba neema hiyo haiwatendi watu kana kwamba ni magogo na mawe. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, kwa upande wake alifundisha kwamba neema itanguliayo imetolewa kwa kila binadamu, ikirudisha kiasi cha uhuru kilichopotea katika Adamu, hata hakuna mtu aliyeachwa katika hali ya asili tupu. Ukisikia Mwarminio akisema mtu anaweza kuamini, muulize ni kwa nguvu ipi. Akijibu kuwa ni kwa neema iliyomtangulia, yuko pamoja na Wesley. Akijibu kuwa ni kwa yake, hayuko hata na Arminius.

Je, Mungu amewachagua wengine wapotee?

Hili ndilo linalowanyima watu usingizi, na makanisa hayajibu kwa sauti moja. Mtawa Gottschalk wa Orbais alifundisha katika karne ya 9 kwamba kuna kuchaguliwa kwa aina mbili, kwa uzima na kwa mauti. Alihukumiwa Mainz mwaka 848 na Quierzy mwaka 849, akachapwa viboko na kufungiwa katika monasteri hadi kufa. Calvin alifundisha kwamba amri ya Mungu inawahusu pia wanaopotea, ingawa yeye mwenyewe alikiri kwamba amri hiyo inatisha. Dort na ungamo la Westminster la mwaka 1646 zilizungumza kwa uangalifu zaidi: Mungu huwapita baadhi ya wenye dhambi na kuwaacha katika dhambi waliyoipenda, wala yeye si mwanzilishi wa dhambi hiyo.

Walutheri, katika Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577, walikataa kwenda huko. Kwao uteule unawahusu wanaookolewa tu, na chanzo cha kupotea kiko kwa mtu. Wanaulizwa jinsi wokovu unavyoweza kutoka kwa Mungu peke yake na upotevu kwa mtu peke yake, nao hujibu kwamba Maandiko yanasema hivyo na wao wanaishia hapo. Wengine huona huko ni kukimbia. Mimi naona ni afadhali kusimama pale Maandiko yanaposimama kuliko kukamilisha mstari kwa rula yetu. Kanisa Katoliki nalo linafundisha kwamba Mungu hamwandalii yeyote kwenda motoni. Anayefika huko amemgeuka Mungu kwa hiari yake na kudumu katika hali hiyo hadi mwisho.

Karl Barth, mwanatheolojia wa Uswisi, mwaka 1942, aliubadilisha mpangilio mzima: Kristo mwenyewe ndiye Mungu anayechagua na ndiye mtu aliyechaguliwa, na ndiye pia aliyeibeba hukumu ya kukataliwa. Wakosoaji wake waliuliza kama hilo haliishii katika kuokolewa kwa watu wote, naye hakutaka kulithibitisha wala kulikana moja kwa moja.

Waorthodoksi wanasemaje?

Wao hawakuurithi ugomvi wa Augustino kwa namna ileile. Yohane wa Dameski alifundisha kwamba Mungu anajua yote mapema lakini haamui yote mapema, na Sinodi ya Yerusalemu ya mwaka 1672 ilikataa ungamo lenye mafundisho ya Calvin lililokuwa limetolewa kwa jina la Patriarka Cyril Lucaris. Wanazungumza juu ya kutenda pamoja, neema ikitangulia na mtu akiitikia.

Kama mambo yamekwisha amuliwa, kwa nini tuhubiri na kuomba?

Soma Matendo 27. Merikebu imepigwa na tufani kwa siku nyingi, na malaika amemhakikishia Paulo kwamba Mungu amempa wote wanaosafiri pamoja naye. Hatapotea hata mmoja. Ahadi haina sharti. Kisha usiku mabaharia wanashusha mashua, wakijifanya wanakwenda kutia nanga upande wa mbele, kumbe wanataka kutoroka. Paulo anamwambia akida na askari kwamba hawa wasipokaa ndani ya merikebu, ninyi hamtaweza kuokoka. Askari wanazikata kamba na kuiacha mashua ianguke. Mwishowe watu 276 wanafika nchi kavu, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao na vipande vya merikebu.

Paulo hakuona mgongano kati ya ahadi na onyo. Mungu aliyeamua watu waokoke aliamua pia waokoke kwa kamba kukatwa. Hapo ndipo fundisho la uteule linapotofautiana na imani ya majaaliwa, inayosema kwamba litakalokuwa litakuwa, ufanye usifanye. Vivyo hivyo huko Korintho: Bwana anamwambia Paulo katika maono asinyamaze, kwa kuwa ana watu wengi katika mji huo. Paulo hakusikia humo ruhusa ya kupumzika. Alikaa mwaka mmoja na miezi sita akifundisha.

Nitajuaje kama mimi ni mteule?

Usianze kwa kuutafuta uamuzi wa siri. Calvin, ambaye wengi hudhani angekupeleka huko, alionya kwamba anayejaribu kuingia katika shauri la milele la Mungu nje ya Neno lake anajitumbukiza shimoni, akafundisha kwamba Kristo ndiye kioo ambamo uteule wetu unapaswa kutazamwa. Swali unaloweza kulijibu leo ni kama unamwamini yeye aliyesema kwamba yeyote ajaye kwake hatamtupa nje kamwe. Maneno hayo yamo katika mstari uleule, Yohana 6:37, unaosema kwamba wote anaopewa na Baba watakuja kwake.

Makanisa yanatofautiana juu ya kiasi cha hakika. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulikataza mtu kujihesabu kwa hakika kuwa miongoni mwa walioteuliwa, isipokuwa kwa ufunuo maalumu. Wakalvini hufundisha kwamba muumini anaweza kupata hakika hiyo na kwamba aliyezaliwa upya kweli hatapotea, wakitegemea Yohana 10:28. Wamethodisti hufundisha kwamba mtu anaweza kuwa na hakika ya wokovu wa sasa, na bado akaanguka, wakitegemea maonyo kama ya Waebrania 6. Katika uchungaji, hata hivyo, wote humwambia mtu aliyerudi nyuma neno lilelile: rudi.

Watoto wanaokufa wakiwa wachanga?

Dort iliwaambia wazazi wachao Mungu wasitilie shaka uteule na wokovu wa watoto wao ambao Mungu anawaita wakiwa wachanga. Kanisa Katoliki linawakabidhi waliokufa bila ubatizo kwa huruma ya Mungu. Hakuna mchungaji mwenye sababu ya kuongeza neno kali hapo.

Je, wanaotofautiana juu ya hili wanaweza kufanya kazi pamoja?

Mwaka 1739 Wesley alihubiri na kuchapisha mahubiri makali dhidi ya fundisho la uteule usio na masharti. Rafiki yake George Whitefield, mhubiri aliyefuata fundisho la Calvin, alimjibu kwa barua ndefu iliyochapishwa, na harakati yao ikagawanyika. Urafiki ulijeruhiwa, kisha ukapona kwa kiasi kikubwa, bila mmoja kumgeuza mwenzake. Whitefield alipofariki Marekani mwaka 1770, Wesley ndiye aliyehubiri mahubiri ya kumbukumbu yake huko London Novemba mwaka huohuo. Hata hivyo si vema kulipamba jambo hili kupita kiasi: kusanyiko moja haliwezi kufundisha leo kwamba muumini hawezi kupotea na kesho kwamba anaweza, na wachungaji wanaoshirikiana katika uinjilisti bado watalazimika kuamua kitakachofundishwa katika darasa la ubatizo.

Nianzie wapi kusoma?

Anza na Yohana 6 yote kwa mkao mmoja, si mistari yake miwili maarufu tu. Endelea na Waefeso 1 na 2, ukiangalia kwamba Paulo anautaja uteule akiwa katika kumhimidi Mungu, si katika kubishana. Soma Waebrania 3 hadi 6 pamoja na maonyo yake yote, bila kuyapunguza makali. Kisha soma Warumi 9 hadi 11 mara mbili: mara ya kwanza kwa sauti bila kusimama, na mara ya pili ukiandika pembeni kila swali ambalo Paulo analiuliza na jibu analolitoa. Vitabu vya Wakalvini na vya Waarminio vije baada ya hapo, na ukinunua cha upande mmoja, nunua na cha upande wa pili kilichoandikwa na mtu anayekiamini, badala ya kile kilichoandikwa na mpinzani wake kueleza anachoamini.